Mjadala: Unga wa uji wa mtoto ushushwe hadi kiwango cha Ulaya?

Mwanzishi (Malindi): Afrika Mashariki tumekubaliana kwamba mahindi yasizidi mikrogramu 10 za sumukuvu, yaani aflatoksini, kwa kilo, na aina ya B1 isizidi 5. Ulaya chakula cha nafaka cha mtoto mchanga kikivuka 0.1 ya B1 hakiuzwi. Tofauti ni mara 50. Je, nchi zetu zikaze unga wa watoto hadi hapo?

Afisa Lishe: Zikaze. Pigeni hesabu: mtoto wa kilo 8 akinywa uji wa gramu 60 za unga wenye mikrogramu 10 kwa kilo, kwa uzito wake amekula sumu sawa na mtu mzima wa kilo 60 aliyekula gramu 450 za unga huo huo. Na huo ni uji tu, ugali bado. Kuchemsha hakuiondoi.

Fundi Kisiagi: Dada, hiyo 0.1 nani ataipima? Kijiti cha kupimia haraka huanza kusoma kwenye mikrogramu 2 hadi 5. Chini ya hapo ni mashine ya maabara, na mtaani kwetu haipo. Sheria isiyopimika itawafunga wenye visiagi vidogo tu.

Mimi ningeanzia gunia. Mahindi yakaushwe hadi unyevu wa asilimia 13, yawekwe juu ya chaga, mbali na ukuta. Hewa ya pwani huyarudishia unyevu hata yakiwa stoo. Kabla ya kusaga yachambuliwe: punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na nyepesi zitupwe. Kisha yakobolewe, maana sehemu kubwa ya sumu hutoka na pumba na kiini. Na kama unga unachanganywa na karanga, hizo ndizo za kuogopa zaidi. Iliyosinyaa isiingie kabisa.

Mpimaji: Na hizo pumba zisipewe ng'ombe wa maziwa! Sumu hurudi kwenye maziwa kwa jina la M1, kisha kwa mtoto yule yule.

Kuhusu kupima, kaka Fundi, kosa kubwa si kijiti, ni sampuli. Punje chache huweza kubeba karibu sumu yote ya gunia. Ukichoma bambo, kile chuma cha kutolea punje guniani, mara moja juu, utapata sifuri ya uongo. Choma juu, kati na chini, magunia mengi, saga yote uliyokusanya, changanya, ndipo utoe gramu za kupimwa.

Halafu viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex huegemea hesabu za kamati ya wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, na kamati hutumia takwimu zinazotumwa na nchi. Tusipotuma za uji wetu, tutahesabiwa kwa bakuli la wengine.

Mchuuzi wa Nafaka: Mwakumbuka Machi 2021? Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sumukuvu, siku chache baadaye ikafungua kwa sharti la cheti cha chini ya 10. Kila nchi ikijipimia kivyake, lori linalala mpakani, na lililolala kwenye mvua ndilo linaloota ukungu.

Afisa Lishe: Basi tuanze na 2, ambayo kijiti kizuri chaisoma, kwa unga ulioandikwa wa watoto pekee. Cheti kimoja Namanga hadi Busia.

Fundi Kisiagi: Kwa 2 naafiki. Ila gharama ya kijiti ailipe nani, mwenye kisiagi au kaunti?