Mjadala: Je, ni halali panya wafe ili dawa ya sumu ya nyoka ipimwe?

Suala la kuwatumia wanyama katika utafiti hujadiliwa kwa ujumla mno, na ndiyo maana pande mbili hubaki zikikariri maneno yale yale: huku inasemwa kwamba uhai wa binadamu hutangulia, kule inasemwa kwamba mnyama hakuombwa ridhaa. Napendekeza tulipime kwa jambo moja linalotugusa, nalo ni dawa ya sumu ya nyoka.

Binamu yangu aliumwa na kifutu jioni moja huko Baringo, alipokuwa akifunga boma la mbuzi. Nilimwona usiku ule: mguu umevimba hadi pajani, ngozi inang'aa kana kwamba itapasuka, na kwenye alama za meno majimaji yenye damu yanachuruzika bila kukoma. Alipona kwa sababu dawa ilipatikana, na nalitaja hili ili ijulikane kwamba sizungumzi nikiwa mbali na kitanda cha mgonjwa.

Dawa hiyo inategemea wanyama tangu mwanzo. Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo hadi mwili wake utengeneze kingamwili, kisha damu yake hutolewa na kusafishwa. Nguvu ya dawa nayo hupimwa kwa panya: sumu huchanganywa na viwango mbalimbali vya dawa, kila kundi la panya likadungwa mchanganyiko wake, na kwa kawaida baada ya saa 24 huhesabiwa waliokufa na waliosalia. Kiwango kilichookoa nusu yao ndicho kipimo.

Siwezi kudai kwamba kazi hiyo haina faida. Mwaka 2017 watafiti wa Liverpool na Nairobi walichapisha matokeo ya vipimo vya namna hiyo, yakionyesha kwamba baadhi ya dawa zilizokuwa zikipatikana Kenya hazikuwa na nguvu ya kutosha dhidi ya sumu za nyoka wa Afrika Mashariki. Bila panya wale, upungufu huo ungegunduliwa wodini, kwenye miili ya watu. Hapo ndipo ninapoachana na wanaotaka utafiti wote wa wanyama usitishwe leo.

Hata hivyo, kukubali panya atumike si kukubali afe vyovyote vile. Panya aliyelemewa na sumu hujikunyata kwenye kona ya kizimba, manyoya yakasimama, akaacha kula, akapumua kwa taabu, na mtaalamu anayemwangalia kwa makini huweza kutambua mapema kwamba hatapona. Kumwacha aendelee hadi akate roho mwenyewe, ili tu ahesabiwe miongoni mwa waliokufa, ni ukatili usiotuongezea elimu yoyote. Si wazo geni hili: tangu 1959 Waingereza William Russell na Rex Burch walitaka watafiti watafute njia mbadala, wapunguze idadi ya wanyama, na wapunguze mateso yao. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake kuhusu dawa hizi, linahimiza panya wapewe dawa za maumivu na mateso yao yakatizwe mapema.

Baadhi ya watafiti hujibu kwamba dawa ya maumivu itavuruga matokeo. Hoja hiyo inastahili kusikilizwa, lakini hainiridhishi. Makundi yote yakipewa dawa ile ile, ulinganisho kati yao unabaki. Isitoshe, kipimo chenyewe hakifanani sana na hali ya mgonjwa, kwa kuwa sumu na dawa huchanganywa kwenye chupa kabla ya kudungwa, ilhali binamu yangu aliumwa kwanza na kutibiwa saa kadhaa baadaye. Anayevumilia tofauti kubwa kiasi hicho hana msingi wa kukataa tone la mofini.

Kwa hiyo naziuliza kamati za maadili zinazotoa vibali, na watafiti wanaoviomba: fomu ya maombi inataja dalili zipi ambazo zikionekana panya atatolewa kwenye jaribio, nani atakuwa zamu usiku wa manane kuziangalia, na ni vipimo gani vya maabara visivyotumia mnyama vilivyofanywa kwanza ili dawa dhaifu ziondolewe kabla hazijamfikia panya hata mmoja?