Ukoo wa Chuno: barakoa ya Baba Mkubwa

Rehema, 19:02
Asalaam aleykum ndugu zangu. Barakoa ya mashine ya Baba Mkubwa, ile inayompulizia hewa akilala, imepiga filimbi usiku kucha, asubuhi kaamka macho mekundu. Mto wa silikoni unaogusa uso una utelezi wa jasho na mafuta. Nataka zamu ya kuosha, kila mtu siku yake.

Rehema, 19:19
Mnasoma mnanyamaza?

Saidi, 19:20
Wacheza vinyago vya mapiko wamerudi mjini 😂

Hamisi, 19:21
Ngoma ipigwe 😂😂

Rehema, 19:24
Acheni. Hewa ikivujia juu ya pua inaingia machoni, na presha inayobaki haitoshi kuzuia koo lisizibe. Anakoroma na pumzi inakatika kama hana mashine.
Kila asubuhi: chomoa mto kwenye fremu. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo isiyo na manukato. Sugua kwa vidole, brashi hapana. Ule ukingo mwembamba wa ndani ndio unaoshika uso, mafuta yanakaa humo. Suuza mpaka utelezi uishe. Anika kivulini, jua linaiharibu silikoni.

Mwajuma, 19:41
Jiki kidogo si itaondoa harufu?

Rehema, 19:42
Hapana! Jiki na spiriti zinaila silikoni inakuwa ngumu, halafu mvuke wake anauvuta yeye usiku. Na asipakwe mafuta ya nazi usoni akienda kulala, mto unateleza.

Shemeji Bakari, 19:50
Naongezea. Vile vitundu vidogo vya kwenye kiwiko, kile kiungo kilichopinda mbele ya barakoa, visizibwe, ndipo pumzi chafu inapotokea. Barakoa hii inafunika pua na mdomo, kwa hiyo ndani ya kiwiko kuna kiulimi cha raba. Mashine ikizimwa kinaachia njia avute hewa ya nje. Kikiganda kwa uchafu na umeme ukakatika saa nane usiku, ni hatari. Kiangalieni kabla hajavaa.

Saidi, 19:58
Mashine yenyewe tulichanga wachache. Wengine korosho zao hazikulipwa mpaka leo.

Hamisi, 19:59
Unanisema mimi?

Saidi, 19:59
Sijataja jina. Ya Naliendele tunayajua.

Hamisi, 20:00
Na wewe lile bati je?

Fatu, 20:06
Dada, mto nikiurudisha unachomoka upande mmoja

Rehema, 20:09
Upande mwembamba juu, puani. Bonyeza kuzunguka ukingo wote mpaka usikie tak. Mikanda usiibandue, achia vibanio tu, kipimo kisipotee. Avae akiwa amelala, mashine inapuliza, ndipo ukaze kidogo kidogo, kulia na kushoto sawa. Ukikaza sana mto unajikunja, unavuja zaidi, na mfupa wa pua unachubuka.

Fatu, 20:31
Bibi Somoe nimemsomea yote. Anasema niandike hivi: "Anayelala na mpira usoni ni mwanangu, na ndiye aliyewalipia ada Saidi na Hamisi. Habari ya korosho na bati isitajwe tena humu mimi nikiwa hai."

Saidi, 20:52
Nimesikia Bibi. Nisamehe.

Hamisi, 21:15
Shikamoo Bibi. Yameisha.

Rehema, 21:18
Haya. Jumatatu na Jumanne mimi, Jumatano Fatu, Alhamisi Mwajuma, Jumamosi Saidi. Jumapili Shemeji, pamoja na mikanda na mpira wa hewa, hivyo ni mara moja kwa wiki. Mpira uninginizwe ncha zote chini, maji yatoke.

Mwajuma, 22:07
Na tangi la maji la mashine? Chini lina weupe

Shemeji Bakari, 22:12
Chokaa hiyo. Siki nyeupe kikombe 1, maji vikombe 10, loweka, suuza sana. Maji yamwagwe kila asubuhi, usiku yatiwe mapya yaliyokenekwa (distilled). Maji ya betri ya gereji hapana, mengine yana tindikali.

Rehema, 22:15
Ijumaa haina mtu. Hamisi?

Hamisi, 22:48
Ijumaa nipo mnadani Masasi. Nitakwambia kesho.