Re: Watoto waongee lugha gani nyumbani? (Lubumbashi)

Mzazi, Katuba:
Wapendwa, salaam. Tumehamia huku Congo kutoka Tanzania na watoto wawili, miaka 5 na 8. Shuleni ni Kifaransa, uwanjani Kiswahili cha hapa, jirani mmoja nyumba yake ni Kibemba na mwingine Tshiluba. Shule imetushauri tuongee Kifaransa nyumbani, nasi Kifaransa chetu ni cha kuombea maji. Wenye uzoefu, tushaurini.

Mwalimu wa msingi, Kampemba:
Dada, karibuni sana. Msiache Kiswahili. Mzazi akilazimisha lugha asiyoimudu, maongezi ya nyumbani yanabaki kuwa amri: kula, oga, lala. Mtoto anakosa yale marefu, kueleza kwa nini, kusimulia, kubishana, na hayo ndiyo mwalimu anayoyajengea. Tena anayabeba makosa ya mzazi. Akisikia kila siku "le" mahali pa "la", kumtoa hapo ni kazi.

Kuongea kusiwatie hofu, watoto wenzao watawafundisha. Kinachowaangusha watoto wanaotoka Tanzania ni dictée, yaani imla. Kiswahili tunakiandika kama kinavyosikika. Kifaransa sivyo: "il parle" na "ils parlent" sikioni ni kitu kimoja, ila kwenye daftari mtoto asipoweka "s" na "nt" anapoteza alama. Atasoma "rue" kama "ru-e", na "chat" ataianza na "ch" yetu badala ya "sh".

Dakika 15 kila jioni zinatosha. Chukua sentensi tatu tu kutoka daftari la siku hiyo. Azisome kwa sauti, afunike, aandike unavyomsomea, kisha afunue na ajisahihishe mwenyewe kwa kalamu ya rangi nyingine. Arudie maneno aliyokosea peke yake, si sentensi nzima, maana akichoka anaanza kunakili bila kuangalia. Kama matamshi yenu hayako sawa, mwombeni kijana wa jirani anayesoma sekondari azisome, mzirekodi kwenye simu.

Huyo wa miaka 8 mwangalieni pia kwenye hisabati. Wazazi hudhani namba ni namba, kumbe uandishi wake unabadilika. Huku desimali huwekwa mkato: mbili na nusu ni 2,5. Nukta hutenga maelfu, kwa hiyo 1.500 ni elfu moja na mia tano, na mtoto wa kwetu ataisoma moja nukta tano. Kugawanya nako kuna sura yake: kigawanyo kinakaa kulia, nyuma ya mstari wa wima, na jibu linaandikwa chini yake. Mtoto anajua kugawanya vizuri kabisa, ila akiiona ile sura anaganda. Mwonyesheni mara mbili tatu kabla hajakutana nayo ubaoni.

Halafu Congo husema septante kwa 70 na nonante kwa 90, kama Ubelgiji. Programu nyingi za simu hufundisha soixante-dix na quatre-vingt-dix za Ufaransa. Mkizitumia, mwambieni mapema kwamba zote ni sahihi, ila darasani afuate za mwalimu. Na huyo wa miaka 5 aanze sasa kuandika herufi za kuunganisha, kwa sababu hapa mwandiko huo unaanza darasa la kwanza.

Mzazi, Ruashi:
Naunga mkono, ila kwa ndoa za mchanganyiko ni tofauti kidogo. Kama baba ni Mkongo na Kifaransa chake ni kizuri, aongee Kifaransa na mtoto, mama ashike Kiswahili. Mtoto akimjibu mama kwa Kifaransa, mama asimgombeze wala asijifanye hakusikia. Arudie jambo lilelile kwa Kiswahili kama swali: "Ah, umesahau daftari shuleni?" Mtoto atajibu na neno litakuwa limeshapita sikioni. Mpango huu huvunjika wageni wakija, kila mtu akageukia Kifaransa. Kubalianeni kabla.

Mkazi wa Kenya (commune, yaani kata, ya hapa Lubumbashi):
Kiswahili cha hapa msiwakataze. Mtoto akisema "batoto bako mu nyumba" hajaharibu kitu, anaongea kama rafiki zake, na bila hicho hachezi na mtu. Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba, kwa hiyo hiki ni chao kama kilivyo chetu. Cha sanifu mkilinde kwa kusoma: kitabu cha hadithi kila usiku, na barua fupi kwa bibi kila Jumapili, yenye aya mbili. Mtoto anayeongea tu bila kuandika ndiye anayehangaika akirudi darasani Tanzania. Shikamoo hamtaisikia mtaani, itabidi muifundishe ninyi, na simu ya babu ndiyo mahali pake.

Kibemba na Tshiluba waacheni wazidake kwa majirani, salamu na michezo. Wazazi, msiulize watu kabila kwa kusikia lugha yao. Mji huu ulijengwa na wafanyakazi wa migodi walioletwa kutoka pande nyingi, Kasai wanakoongea Tshiluba ikiwemo, na mwaka 1992 na 1993 familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa hapa Katanga. Swali mnaloliona la kawaida linaweza kumuumiza mtu.

Mwalimu wa msingi, Kampemba:
Nyongeza moja. Mwaka wa shule hapa unaanza Septemba, si Januari, kwa hiyo wengi hufika katikati. Ripoti za Tanzania zitafsiriwe kwa Kifaransa na mtafsiri aliyeapishwa, pamoja na cheti cha kuzaliwa. Mkiombwa kumshusha mtoto darasa, ombeni kwanza apewe jaribio la hisabati peke yake. Akifaulu, tatizo ni lugha, na kwa lugha ni afadhali abaki na wenzake wa umri wake, mumtafutie masomo ya ziada ya Kifaransa mara tatu kwa wiki hadi Pasaka.