Watoto wa shangazi wanadai mikorosho ya marehemu baba: je, usimamizi wa mirathi ni umiliki?

Binti wa Newala aliuliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Baba yetu alifariki mwaka jana bila kuacha wosia, akatuacha mama, kaka mmoja na sisi mabinti wawili, pamoja na nyumba na shamba la mikorosho huku Newala. Baada ya arobaini kikao cha ukoo kilimpendekeza mtoto wa shangazi awe msimamizi wa mirathi, na Mahakama ya Mwanzo ikamteua bila pingamizi, kwa kuwa tulielewa kwamba kazi yake ni kufuatilia fedha za marehemu benki. Badala yake alibadilisha jina la shamba katika daftari la chama cha msingi (chama cha ushirika cha wakulima), akachukua salfa, dawa ya mikorosho, kwa jina lake, na minada ilipoanza malipo yote yakaingia katika akaunti yake. Tulipomuuliza alisema kwamba kwa mila yetu ya Kimakonde mali ya mjomba ni ya wapwa, na kwamba mama arudi kwao. Mama ameipalilia mikorosho hiyo tangu ikiwa miche, na sehemu ya shamba ni ardhi aliyopewa na wazazi wake mwenyewe. Naomba kuelimishwa: je, karatasi ya mahakama imempa huyu bwana shamba?

Msaidizi wa Kisheria, Masasi alijibu:

Wa alaykum salaam, dada. Poleni kwa msiba na kwa haya yaliyofuata. Karatasi hiyo haikumpa shamba. Msimamizi wa mirathi anateuliwa kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni yake na kuwagawia warithi kilichobaki, basi. Kanuni za usimamizi wa mirathi katika Mahakama za Mwanzo zinamtaka awasilishe mahakamani, ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa, orodha kamili ya mali na madeni katika Fomu Namba V, kisha atoe hesabu katika Fomu Namba VI. Nendeni kwa karani wa mahakama iliyomteua, mtaje namba ya shauri, muombe kuliona jalada. Kama fomu hizo hazimo, hiyo peke yake ni hoja nzito. Muda wa siku 30 wa kukata rufaa Mahakama ya Wilaya yaelekea umekwishapita, lakini msikate tamaa kwa sababu hiyo, kwani Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, linaipa Mahakama ya Mwanzo yenyewe uwezo wa kutengua uteuzi wa msimamizi kwa sababu za msingi. Pelekeni maombi hapo hapo, mkieleza fedha za korosho zilikokwenda na kuomba azirejeshe.

Kuhusu mila, mahakama hutazama marehemu aliishi vipi: kama aliishi Kiislamu, akafunga ndoa Kiislamu na kuwalea watoto katika dini, kabila lake peke yake halitoshi kuifanya mirathi iwe ya kimila. Hata pale mila inapotumika, kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Ile sehemu ya mama iliyotoka kwa wazazi wake si mirathi kabisa na haipaswi kuingia katika orodha. Tafuteni mapema majirani wa mpakani na wazee walioshuhudia akikabidhiwa.

Mwalimu wa Madrasa, Lindi alijibu:

Nakubaliana na ndugu yangu wa Masasi, ila kuna jambo moja hamjalitaja, nalo linabadilisha hesabu yote. Je, wazazi wa marehemu wako hai?

Binti wa Newala:

Babu alitangulia zamani, lakini bibi yupo, na anaishi kwa shangazi, yaani nyumbani kwa huyo msimamizi.

Mwalimu wa Madrasa, Lindi:

Basi bibi yenu ni mrithi, na asisahauliwe kwa sababu ya hasira mliyo nayo kwa mjukuu wake. Baada ya gharama za mazishi na madeni, mali ikigawanywa katika mafungu 96, mama yenu ana thumni, yaani mafungu 12. Bibi ana sudusi, yaani 16. Yanayobaki 68 ni ya watoto, kaka yenu 34 na kila binti 17. Shangazi hapati kitu kwa kuwa marehemu ameacha mtoto wa kiume, na mwanawe ndiyo kabisa. Marehemu angetaka kuwaachia wapwa, alikuwa na ruhusa ya kuusia hadi theluthi moja ya mali yake kwa wasiokuwa warithi; hakufanya hivyo. Nawashauri mumwendee bibi kwa adabu na kumweleza fungu lake, kwa sababu huenda hajui kwamba fedha zilizoliwa na zake zimo. Akikubali kusimama nanyi mahakamani, hoja ya mila itapungua nguvu hata ndani ya ukoo.

Katibu wa Chama cha Msingi, Tandahimba alijibu:

Naongezea upande wa korosho. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo korosho huwekwa ghalani na kuuzwa kwa mnada, fedha hupelekwa kwenye akaunti ya mkulima aliyepeleka mzigo, kwa hiyo kila kilo aliyouza ina kumbukumbu: stakabadhi ya mapokezi, bei ya mnada na malipo ya benki. Iombeni mahakama iagize chama kuwasilisha kumbukumbu hizo, maana katibu hawezi kuwapa taarifa za akaunti ya mtu kwa maneno matupu. Pili, mara tu maombi yenu yakipokelewa, pelekeni nakala kwa mwenyekiti wa chama na kwa ofisi ya kijiji, mkiomba mahakama itoe pia amri ya kuzuia shamba kuuzwa au kuwekwa rehani wakati shauri linaendelea. Fanyeni hivyo kabla salfa ya msimu ujao haijaanza kugawiwa, kwa sababu akishapokea tena pembejeo kwa jina lake, mtakuwa mnagombea mavuno ya misimu miwili.