Je, Jumba la Nottoway Lijengwe Upya?

Ndugu wachangiaji, tarehe 15 Mei 2025 moto uliteketeza jumba la Nottoway huko White Castle, Louisiana, ambalo ndilo lililokuwa kubwa kuliko majumba yote ya mashamba ya watumwa yaliyosalia Kusini mwa Marekani. Lilikamilika mwaka 1859 kwa ajili ya John Hampden Randolph, tajiri wa miwa aliyemiliki watumwa 155, na hadi linaungua lilikuwa hoteli na ukumbi wa harusi. Wapo waliolililia, na wapo walioshangilia. Mchangiaji aliyenitangulia anataka lijengwe upya kama lilivyokuwa, akisema kwamba historia haifutwi hata ikiuma. Katika hilo la kutofuta historia niko pamoja naye, lakini kulijenga upya napinga.

Kila nyumba iliyohifadhiwa imepita mikononi mwa watu walioamua kipi kitunzwe na kipi kiachwe. Tuitazame Monticello, nyumba ya Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, huko Virginia, ambayo taasisi inayoitunza iliinunua mwaka 1923. Jefferson alimiliki watu zaidi ya 600 katika maisha yake. Samani zake zilitafutwa, zikarudishwa na kupangwa mahali pake kwa uangalifu mkubwa, ilhali chumba kinachoaminika kuwa alikaa Sally Hemings, mtumwa wake aliyemzalia watoto, kiligeuzwa vyoo vya wageni mwaka 1941. Maonyesho ya maisha ya mama huyo yalifunguliwa mwaka 2018. Kwa miongo yote hiyo nyumba ilikuwa imehifadhiwa vizuri sana, na mgeni alitoka humo akiwa amesikia nusu ya habari zake.

Hata hivyo, siwaungi mkono wanaosema majumba haya yote yaachwe yaanguke, ingawa uchungu wao naufahamu, kwani ni vigumu kuvumilia kuona watu wakipiga picha za harusi mahali ambapo wengine walifanyishwa kazi kwa viboko. Jumba likitoweka, hutoweka nalo ushahidi wa mikono iliyolijenga. Katika matofali ya nyumba za kale za Charleston, South Carolina, bado zinaonekana alama za vidole vya watumwa, vingine vidogo kiasi kwamba ni dhahiri vilikuwa vya watoto waliogeuza matofali mabichi yakiwa juani. Katika mji huohuo, kwenye nyumba ya Aiken-Rhett, makazi ya watumwa yangali yamesimama uani, juu ya jiko na zizi la farasi, na wahifadhi waliamua kutopaka rangi mpya wala kuziba nyufa. Huo kwangu ndio uhifadhi.

Nakala mpya ya Nottoway haitakuwa na alama hata moja ya namna hiyo. Itakuwa na nguzo nyeupe na ngazi pana, yaani kilekile alichotaka bwana shamba kionekane, na fedha zitakazotumika zingeweza kuezeka upya vibanda vya watumwa vinavyooza katika mashamba mengine. Tukumbuke pia kwamba kuingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1966, hakumzuii mmiliki binafsi kubomoa mali yake ikiwa hakuna fedha wala kibali cha serikali kuu kinachohusika. Vibanda hivyo havina wa kuvitetea isipokuwa wanaoguswa navyo.

Ningependa misingi ya Nottoway ibaki wazi, na mbele yake yaandikwe majina ya wale 155. Kazi hiyo ni ngumu, kwa kuwa sensa ya mwaka 1860 iliwaorodhesha watumwa kwa umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la bwana wao, hivyo majina yenyewe itabidi yasakwe katika wosia, hati za mauzo na vitabu vya makanisa. Namwomba ndugu aliyenitangulia atueleze: fedha zikipatikana kesho, zianzie kwenye nguzo au kwenye majina hayo?