Nimeuziwa paneli za "wati 300" hapa Mtwara mjini, nikafunga mwenyewe kwenye tela, sasa muuzaji anasema garantii imekufa kwa sababu sikuita fundi

Wakuu, salaam. Kabla hamjaanza na "mbona hukuita fundi", someni mpaka chini. Mods, huu uzi msiuhamishie kwenye matangazo madogo. Siuzi kitu, nimeuziwa.

Nina tela. Ni kibanda cha bati juu ya ekseli moja, futi kumi kwa sita, navuta na pikapu. Mbele saluni ya kiume, nyuma godoro langu na mtungi mdogo wa gesi. Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba nafunga mlango naifuata hela iliko: Nanyamba, Tandahimba, Newala, kurudi napitia Masasi na Ndanda. Mkulima akishalipwa pesa ya mnada, kichwa ndicho kinaanza kushughulikiwa. Miaka yote nilikuwa natumia jenereta. Linakunywa petroli kuliko mimi ninavyokunywa maji, na ukiliwasha usiku kijiji kizima kinajua kinyozi hajalala.

Nikaamua kufunga sola. Fundi akataka laki mbili na nusu za kufunga tu, nikaona hapana, kuunga waya najua, kutoboa bati najua.

Dukani nikapewa paneli mbili, kila moja ina stika ya wati 300. Betri ya jeli imeandikwa Ah 200 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaoweza kutunza). Kontrola ya chaji imeandikwa MPPT (ile aina inayojirekebisha ikamue umeme mwingi kwenye paneli), ampea 60. Inveta ya wati 1000. Jumla milioni moja na laki mbili, hela ya msimu mzima uliopita. Risiti? Karatasi ya kuandikwa kwa mkono, "vifaa vya umeme", basi. Mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, eti ilikuwa haina mtandao. Hapo nilizembea, nakubali, nitukaneni kidogo.

Makosa yangu mengine nayataja kabisa ili msije kunifundisha mliyojifunza jana. Siku ya kwanza nilivuta waya wa milimita 1.5 kutoka juu ya paa mpaka kwenye betri. Kwa umeme wa volti 12 huo ni uzi wa kushonea: ampea kumi zikisafiri mita tano kwenda na tano kurudi, unapoteza zaidi ya volti moja njiani. Nikautoa nikaweka wa milimita 6. Nilizilaza paneli zikagusa bati, zikawa zinaiva kwa joto, na paneli ikichemka inatoa umeme kidogo. Nikaziinua kwa vyuma vya L, upepo unapita chini. Fyuzi nimeweka jirani kabisa na betri. Bolti ni za stenlesi maana tela linalala Mikindani na chumvi ya pale haina huruma na chuma. Hata kulaza paneli badala ya kuziinamisha nilifikiria: huku tuko kama nyuzi kumi kusini mwa ikweta, kuanzia Oktoba mpaka Februari jua la saa sita linapita karibu na utosi. Kwa msimu wa korosho kulaza ndiyo sawa.

Kwa hiyo tusidanganyane kuhusu ufungaji.

Wati 600 kwa saa tano za jua zuri ni kama uniti tatu kwa siku. Mimi nahitaji moja na nusu: friji dogo la soda, mashine mbili za kunyolea, tivii, taa, na simu za watu ambazo nachaji kwa mia tatu mia tatu. Nilidhani nitabakiza umeme wa kugawa. Siku ya tatu tu, Tandahimba, saa moja jioni, foleni ya watu sita imejaa kwenye benchi, inveta ikaanza kulia pii pii pii, kisha kimya. Mzee wa watu yuko kwenye kiti, upande wa kulia keshanyolewa, wa kushoto bado. Akajishika kichwa, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, sasa nitapita vipi pale kwa wenzangu?" Nilimmalizia kwa wembe na tochi ya simu. Hela sikuchukua. Wale watano wengine walihamia kwa jirani mwenye jenereta.

Wiki nzima nikawa najilaumu. Nikahamisha tela nikidhani ni kivuli (na kweli usiegeshe chini ya mwembe, tawi moja tu likitupa kivuli kwenye kona ya paneli umeme unaporomoka, ila joto la humo ndani ukikaa juani ni adhabu nyingine). Nikafuta vumbi asubuhi na jioni. Wapi.

Ndipo nikaazima futi ya seremala. Wakuu, hili mlishike. Jua la utosini linamwaga karibu wati 1000 kwenye mita moja ya mraba. Paneli nzuri inageuza kama asilimia 20 kuwa umeme, yaani wati 200 kwa mita ya mraba, ikizidi ni kidogo. Paneli yangu ina urefu wa sentimita 120 na upana 54. Zidisha: ni mita ya mraba 0.65. Hiyo hata ukiipaka mafuta haizidi wati 130! Kufika 300 ingebidi igeuze karibu nusu ya jua lote linaloiangukia, na paneli ya hivyo hakuna duka linaiuza duniani. Paneli ya kweli ya wati 300 haipungui sana mita moja na nusu za mraba, ni kama mlango. Mimi nilifunga mbili na paa likabaki na nafasi ya kuanika mihogo, wala sikushtuka!

Nikapima na mita ya kupimia umeme saa sita mchana, mbingu nyeupe: volti 21 na kitu bila mzigo, ampea sita hazifiki. Hiyo ni paneli ya wati mia moja iliyovalishwa stika ya kaka yake.

Betri nayo. Nilikuwa pale kwenye ghala la chama cha ushirika, nikamwomba karani aniwekee kwenye mizani ya korosho. Kilo 31. Betri ya jeli ya volti 12 yenye Ah 200 za kweli inacheza kwenye kilo 55 hadi 60, kwa sababu ndani ni risasi, na risasi haijifichi kwenye mizani. Yangu ni ya Ah 100. Watu waliokuja kupima magunia walicheka mpaka basi. Kontrola ya "ampea 60" ni nyepesi kama kipande cha sabuni, wakati MPPT ya ukubwa huo hujaa koili ndani na ina uzito wa kilo kadhaa.

Nikarudi dukani. Muuzaji: "Kaka, nani alifunga?" Mimi. "Basi, garantii imekufa. Ingefungwa na fundi wetu tungeongea." Nikamwambia bosi, stika imeandikwa miaka 25. Akasema nimetoboa fremu. Sijatoboa! Matundu ya bolti yametoka nayo kiwandani! Na hata kama ningeifunga kwa kamba ya katani, sentimita 120 zingekuwa 130? Mikono yangu imepunguzaje kilo za betri? Wakati ananiuzia alijua ni za tela, alisema mwenyewe "hizi unafunga tu, rahisi". Leo ufungaji umekuwa dhambi.

Kinachouma zaidi ni mahali penyewe. Gesi inachimbwa Mnazi Bay, hapa hapa. Mimi na kitela changu nanunua jua feki. Mtwara kuchele!

Naomba mwenye uzoefu: Tume ya Ushindani (FCC) wanapokea lalamiko la bidhaa bandia kwa karatasi ya mkono bila EFD? Nina picha za stika, futi na mizani, na ujumbe wa malipo kwenye simu wenye jina la aliyepokea.

NYONGEZA: Mnaouliza jina la duka, siliweki humu mpaka nipate ushauri. Jioni hii muuzaji kanipigia, anasema tuyamalize kiutu uzima: niongeze laki moja na nusu anibadilishie niwe na za "wati 400". Nikamuuliza zina urefu gani. Akakaa kimya kidogo, nikasikia anamuuliza kijana wake. Sentimita 120 kwa 54.