Naombeni ushauri: namshukuruje Mungu kwa ajili ya mama wakati bado namlilia?

BintiWaSala:
Habari zenu ndugu zangu. Mama yetu ametangulia mbele za haki. Alikuwa mtu wa sala kwelikweli. Sasa wadogo zangu wameamua tufanye ibada ya shukrani kwa ajili ya maisha yake, na mimi kifungua mimba ndiye natakiwa kusimama kuzungumza. Hapo ndipo ninaposhindwa. Nikitaka kuandika "tunakushukuru Mungu", mkono unagoma, naona kama nashukuru kwa kuondokewa naye. Na kanisani kuna wanaoniambia nipunguze kulia, eti ni kukosa imani.

La pili: kwenye vitu vyake nimekuta daftari la maombi. Kila mstari una jina na shida yake. Fulani, mtihani. Fulani, mimba. Fulani, hajarudi nyumbani. Yaliyojibiwa kayawekea alama ya vema kwa kalamu nyekundu, na pembeni kaandika "Asante Baba". Humo wamo hadi watu waliomtendea vibaya waziwazi. Jina langu lipo karibu kila ukurasa. Je, nilisome siku hiyo?

MamaWawili:
Pole sana mpenzi. Lisome lote, watu wajue walikuwa na mama wa namna gani.

Mwanakwaya:
Pole dada. Hao wanaokukataza kulia wasome Yohana 11:35. Yesu alijua kabisa anakwenda kumfufua Lazaro, na bado machozi yalimtoka kabla hajafika kaburini. Paulo naye katika 1 Wathesalonike 4:13 hakukataza huzuni, alikataza kuhuzunika kama wasio na matumaini. Mtakatifu Augustino alipofiwa na mama yake Monika kule Ostia mwaka 387, alijikaza mazishi yakapita jicho kavu. Baadaye yakamshinda, akamlilia mama yake mbele za Mungu, akapata nafuu. Huyo ndiye aliyekuja kuwa askofu, nani atasema hakuwa na imani?

Na hiyo shukrani ielekeze kwa mama mwenyewe. Mshukuru Mungu kwamba ulipewa yeye na si mwingine. Kifo chake hakuna aliyekudai ukishukuru.

Ustaadhi:
Dada, mimi ni Mwislamu, nakupa tulichofundishwa sisi. Mtume (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim, akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Saad bin Ubada, sahaba wake, alifiwa na mama yake yeye akiwa hayupo. Akamuuliza Mtume kama sadaka atakayomtolea mama itamfaa. Akajibiwa ndiyo, akaitoa bustani yake. Na dua yetu kwa wazazi ni ile ya Surat Al-Israa, aya ya 24: Mola wangu, warehemu kama walivyonilea nilipokuwa mdogo.

Tumefundishwa pia kuwaunga marafiki wa wazazi baada yao. Hao walioandikwa humo mama amekuachia kama amana. Wajulie hali.

MzeeBusara:
Binti yangu, kuhusu daftari nampinga MamaWawili. Usilisome hadharani. Mle mna siri za watu. Huyo wa mimba na huyo ambaye hajarudi nyumbani huenda watakuwa wamekaa mbele yako siku hiyo. Mama aliyapeleka kwa Mungu peke yake, yabaki huko.

BintiWaSala:
Nashukuru sana, Mzee wangu umenifumbua macho. Na wale waliomkosea? Natamani wajue waliombewa, ila naogopa wataona nawasuta.

MzeeBusara:
Hao usiwaambie. Waombee tu pale mama alipoishia. Wale wa heri, waliofaulu mitihani, waliopona, nenda kwa mmojammoja umwambie: mama alikuwa anakuombea jambo hili. Atalia na wewe, na mtafarijiana.

Mwanakwaya:
Naungana na Mzee. Kwenye ibada soma mistari inayokuhusu wewe tu, hiyo ni haki yako, pamoja na ile "Asante Baba" ya pembeni. Hapo hutahitaji kutunga shukrani, utakuwa unarudia yake. Andika nusu ukurasa, isizidi. Nakala mpe mdogo wako mmoja mapema, akae karibu nawe, ili sauti ikikatika yeye aendelee ulipofikia.

MamaWawili:
Nimemwelewa Mzee, nafuta ushauri wangu. Ibada ni lini, tukuombee siku hiyo?

BintiWaSala:
Jumapili ijayo, asubuhi.